Upana wa Mguu wa Mwalimu

Mwalimu alivirudisha viatu Alhamisi mchana. Alikuja navyo ndani ya mfuko wa kitambaa, mwenyewe amevaa ndala. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua ndala ya kulia, akamwonyesha baba mkwe wangu upande wa nje wa mguu, pale kidole cha mwisho kinapoanzia. Palikuwa na alama nyekundu, ndogo kama punje ya mchele.

"Sisikii maumivu, fundi," alisema. "Hilo ndilo linalonitisha. Jana nilijikagua kwa kioo kama nilivyoagizwa kliniki, ndipo nikaiona."

Mwalimu ana sukari ya miaka mingi, na nyayo zake zimekufa ganzi. Mtu mwingine akibanwa na kiatu atakivua kabla ya saa ya chai. Yeye anaweza kusimama ubaoni mchana kutwa kiatu kikimla, asijue mpaka ngozi iwe imefunguka, na kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari si kitu cha mchezo. Ndiyo maana kliniki inamkataza viatu vya dukani, na ndiyo maana watu kama yeye huletwa kwetu.

Baba alipiga magoti taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Akamvisha kiatu, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Akafanya hivyo na mguu wa kushoto. Kisha akavivua vyote viwili na kuviweka juu ya meza kama viatu vya marehemu.

"Vimebana," alisema.

"Labda ni miguu yangu imevimba."

"Miguu yako haina kosa, Mwalimu. Ni mimi. Mkono umekwisha."

Mwalimu alicheka kidogo akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka naye, akavaa ndala zake. "Likizo haijaisha, fundi. Nitasubiri. Usije ukanipeleka darasani na ndala, wale watoto watanipa jina."

Nilimsindikiza mimi mpaka mlangoni.

Inafaa nieleze tunavyofanya kazi, maana bila hilo mambo mengine hayataeleweka. Mtaalamu wa viungo wa kliniki humsimamisha mgonjwa juu ya karatasi ya miraba, ile ambayo kila mraba ni sentimita moja. Huuzungushia mguu kalamu nene nyeusi, akaandika urefu wake pembeni, akapiga picha kutoka juu na kututumia. Printa yetu haina karatasi ndefu ya kutosha mguu mkubwa. Kwa hiyo Baba alibuni njia yake. Hubandika karatasi nyepesi ya kunakilia juu ya skrini ya kompyuta kwa utepe. Mwanga hupita kwa nyuma, na ule mstari mnene wa kalamu huonekana vizuri kwenye karatasi. Yeye husimamisha rula ya chuma kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole, mimi nashika kipanya.

"Kuza. Kuza. Punguza. Hapo hapo, usipumue."

Urefu kwenye rula ukilingana na ule ulioandikwa na kliniki, hufuatisha mstari kwa penseli laini. Kutokana na karatasi hiyo huchonga faroma, ule mguu wa mbao ambao kiatu hushonwa kikiwa juu yake. Upana hakuwahi kuupima. "Urefu ndio nahodha," husema, "upana ni abiria." Na kwa miaka yote niliyokaa katika nyumba hii, abiria alifika salama.

Wakati wa chakula siku ile, Baba alinawa mikono, akakaa, akasema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa: "Gundi atakuja Jumamosi kuchukua mashine."

Gundi ni fundi viatu mwenzake, wamejuana tangu ujana. Jina lake la kuzaliwa hata mkewe halitumii.

Mama mkwe alishusha kijiko. "Mashine gani?"

"Nina mashine ngapi?"

"Yaani umekosea jozi moja tu, basi unauza mashine ya kushonea!"

"Siuzi, nampa. Na si suala la jozi moja. Mtu huyu haisikii miguu yake. Angekuja na kidonda, ungeniambia nini? Jozi moja?" Alikata tonge, hakulila. "Nilipitisha kidole juu ya kiatu nilichokishona mwenyewe, mama watoto, nikakuta mguu umeminywa pande zote mbili sawasawa. Kosa la bahati mbaya hukaa upande mmoja. Hili ni la jicho. Jicho linaniambia pana, mkono unakata nyembamba."

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alijaribu kumchekesha. "Si ununue miwani, Baba? Hata madereva huvaa."

"Miwani ninayo. Nilivaa."

Mume wangu yuko safarini kikazi, na mimi ni mke wa mwana. Si kila neno linalonijia kinywani ni la kusema mezani. Niliondoa vyombo.

Ijumaa asubuhi Baba hakuingia karakana. Nilimsikia uani akipanga faroma zake ndani ya magunia, mbao ikigonga mbao. Nikakaa kwenye kompyuta niwaandikie kliniki kwamba viatu vya Mwalimu vimerudishwa, wamchore upya. Nilifungua picha ya mguu wake ili niiambatishe.

Kwa kawaida picha hizi mimi huziona nyuma ya karatasi ya kunakilia, ambayo hupitisha mstari mnene tu. Miraba, kwa vile imechapwa kwa wino hafifu, hupotea. Asubuhi hiyo hapakuwa na karatasi. Niliitazama ile miraba, ikanikera bila kujua kwa nini. Ilikuwa imesimama. Sina neno jingine. Mraba haupaswi kusimama wala kulala.

Nikachukua rula ya Baba. Nilikuza picha mpaka miraba kumi ya kwenda juu ikajaa sentimita kumi kamili. Kisha nikailaza rula. Miraba kumi ya kwenda upande haikufika hata tisa na nusu.

Sikutaka kukurupuka. Pengine kamera ilishikwa mshazari. Nikafungua picha ya zamani, ya mama mmoja ambaye viatu vyake tulivishona mwaka uliopita na bado anavisifu kila anapopita. Miraba yake nayo imesimama. Nikafungua saa ya kompyuta, ile yenye uso wa duara. Ilikuwa yai.

Basi si kamera, wala si mguu, wala si mkono wa mtu. Ni skrini.

Skrini ya zamani ilizimika miezi kadhaa iliyopita na haikuwaka tena. Shemeji alituletea nyingine, iliyotolewa bure kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama. Ilikuwa na umbo kama la kwanza, karibu mraba, na picha ilijaa pembe hadi pembe. Nani angeuliza zaidi?

Kompyuta yetu inatumia Linux. Niliiweka mimi, baada ya mfumo wa mwanzo kuwa mzito kama mkokoteni wenye matope, na nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza. Nilifungua dirisha la kuandikia amri, lile jeusi ambalo Mama huliita kaburi, nikaandika xrandr. Hiyo ni amri inayoiambia kompyuta itaje skrini iliyounganishwa nayo na vipimo vyote inavyodhani skrini hiyo inaviweza. Orodha ilikuwa fupi. Kikubwa kabisa kilikuwa 1024 kwa 768, nacho ndicho kilichokuwa na nyota pembeni, maana yake ndicho kinachotumika.

Niligeuza skrini nikasoma kibandiko cha mgongoni: 1280 kwa 1024.

Nikachukua penseli. Kipimo cha kwanza ni cha nne kwa tatu. Cha pili ni cha tano kwa nne. Skrini ya tano kwa nne ilipewa picha ya nne kwa tatu, na badala ya kulalamika ikaibana mbavu mpaka ikaenea. Urefu ukipimwa kwa rula unatoka sawa. Upana unapungua, sentimita kumi zinakuwa tisa na sehemu kidogo. Pande zote mbili sawasawa, kama Baba alivyosema.

Niliiagiza kompyuta itumie 1280 kwa 1024. Ikajibu kwamba kipimo hicho haikioni. Haikuwa ukaidi, hakikuwamo kwenye orodha yake. Ilibidi nikitengeneze. Ipo amri nyingine fupi, cvt, ambayo ukiipa upana, kimo, na mara ngapi picha ichorwe kwa sekunde, inakutolea mstari mrefu wa tarakimu ambazo skrini inazihitaji. Mstari huo unaunakili mbele ya xrandr --newmode ili kipimo kizaliwe, halafu --addmode ili skrini ikabidhiwe mtoto wake. Mwisho ndipo unaiamuru ikitumie.

Hapo ndipo pa hatari, kwa sababu ukikosea skrini inakuwa giza, na ukiwa gizani huoni pa kuandika. Kwa hiyo kwenye mstari huo huo, nyuma ya amri ya kwenda, niliongeza amri ya kusubiri sekunde kumi na tano na amri ya kurudi kwenye kipimo cha zamani. Nikabonyeza.

Giza. Maandishi madogo yakaelea katikati kwamba kipimo kimezidi.

Shemeji alikuwa anaingia wakati huo huo na kikombe chake. "Shemeji! Umeiua!"

"Tulia. Hesabu mpaka kumi na tano."

"Nihesabu nini, maiti?"

"Hesabu."

Akahesabu huku amefumba jicho moja, kama mtu anayesubiri baruti. Alipofika kumi na nne picha ikarudi, pamoja na saa yake ya yai.

"Wee! Umeifufuaje?"

"Niliiagiza irudi kabla sijaiagiza iende."

"Ungemfundisha kaka yangu hiyo," alisema. "Akienda harudi."

Nilikuwa nimeomba picha ichorwe mara sabini na tano kwa sekunde, tamaa tu. Nikatengeneza kipimo kingine cha mara sitini. Nikabonyeza tena. Skrini ikameza mate, ikawa giza kidogo, kisha ikafunguka. Maandishi yakawa madogo na makali. Saa ikawa duara. Niliilaza rula juu ya miraba, nikaisimamisha, nikailaza tena. Kumi na kumi.

Safari hii niliandika tena amri ile peke yake, bila ya kurudi, kisha nikaziweka zote kwenye faili linalosomwa kila kompyuta inapowaka, maana ukizima bila kufanya hivyo inasahau yote.

Kilichobaki ni kwa nini ilikosea toka mwanzo. Kompyuta ikiwaka huiuliza skrini ukubwa wake kupitia waya. Nilimwomba shemeji achomoe ule waya. Kichwani mwake mlikuwa na vipini vidogo kumi na vitano, au ndivyo ilivyopasa. Kimoja kilikuwa kimevunjika kwenye mzizi. Kompyuta iliuliza, skrini haikusikika, basi ikachagua kipimo cha kubahatisha ambacho karibu kila skrini hukikubali.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. "Cha bure," alimwambia mwanawe, "ukikikagua uso, kikague na mkia."

"Mama, nilisaidia!"

"Nani amekataa? Nimesema mkia."

Nilimwendea Baba uani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga faroma.

"Mwanangu," alisema, "najua unanipenda. Usinivike kilemba cha ukoka."

"Sikuviki, Baba. Njoo upime."

"Nikipima nitaona nini? Jicho lenyewe ndilo bovu."

"Basi usitumie jicho. Tumia dole gumba."

Hilo lilimfanya aninyanyulie uso. Akaja, lakini kwa mwendo wa mtu anayemridhisha mtoto.

Sikumwambia aangalie miraba. Nilitoa karatasi ya kunakilia aliyochora mwanzo, ile iliyozaa viatu vya kubana, nikamwekea pembeni. Kisha nikafungua picha ile ile ya mguu wa Mwalimu. Akabandika karatasi mpya, akasimamisha rula. Hakusema kuza wala punguza. Alinyanyua kidole tu, na mimi nikafuata. Alichora polepole.

Akaibandua, akailaza juu ya ile ya zamani, visigino pamoja, ncha za vidole pamoja. Urefu ulikuwa mmoja. Pembeni, mstari mpya ulitoka nje ya mstari wa zamani, kushoto na kulia. Baba aliweka dole gumba katika nafasi ile, akalisogeza kufuata ukingo, kama alivyofanya juu ya kiatu. Lilisimama pale pale lilipokuwa limesimama jana.

"Nani alichora hii ya kwanza?" aliuliza.

"Wewe, Baba."

"Na hii?"

"Wewe."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Nifafanulie tena kisa cha huo waya," alisema.

Nikamweleza tena. Akaitikia kwa kichwa. "Kama mteja aliyemtuma mtu. Hajasema namba ya mguu, basi unampa ya katikati, unaomba Mungu."

"Ndivyo hivyo hivyo."

Nilitegemea atatabasamu. Badala yake aliinuka kwa haraka ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. "Tangu skrini hii ije, tumechora miguu ya nani mwingine?"

Shemeji ndiye aliyekumbuka. "Kinyozi wa kona."

Kinyozi naye ni mtu wa kliniki ile ile. Baba alitoka bila kofia, mimi nyuma yake, ndala zake zikipiga lami. Tulimkuta kinyozi amesimama nyuma ya kiti, mteja amejaa povu mpaka masikioni.

"Vua viatu," Baba alimwambia.

"Salamu kwanza, mzee."

"Habari za asubuhi. Vua viatu."

"Lakini vinanikaa vizuri! Kama ngozi ya mwili. Sivisikii hata kidogo."

"Hilo ndilo tatizo."

Mteja aligeuza shingo. "Mimi je, ninyolewe na nani?"

"Subiri," Baba alisema, "povu halichachi." Alipiga magoti kwenye nywele zilizokatwa, akamvua kinyozi kiatu, akavua na soksi, akauinua ule mguu kwenye mwanga wa mlango. Niliinama naye. Upande wa nje palikuwa na mstari wa waridi, na juu ya kifundo cha kidole cha mwisho ngozi ilikuwa imeanza kung'aa. Haikuwa imechubuka. Baba aliushika mguu huo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kichwa ameinamisha.

"Siku chache zaidi," alisema, si kwa mtu yeyote.

Alivichukua vile viatu. Kinyozi akamalizia kazi akiwa na ndala za kuogea, huku akimweleza mteja wake kwamba katika maisha yake ameshaibiwa mengi, lakini hajawahi kuibiwa viatu na aliyevishona.

Jioni tuliibandika karatasi ya kinyozi na kuichora upya. Baada ya kulinganisha urefu, Baba aliilaza rula bila kuambiwa, akapima na upana, akahesabu miraba kwa sauti akiwa ameinua ukingo wa karatasi. Kisha akaenda uani. Nilisikia mbao ikigonga mbao, safari hii faroma zikitoka guniani.

Jumamosi Gundi alikuja asubuhi, na mkokoteni wa kukodi na kijana wa kuusukuma. Alimkuta Baba ameketi kwenye mashine, ngozi nyeusi ya kiatu cha Mwalimu chini ya sindano.

"Nimefuata mzigo," alisema Gundi.

"Karibu. Ngoja nimalize mshono huu."

Gundi aliketi. Mama akamletea chai, pamoja na kisa cha viatu vya kinyozi. Mshono ukaisha, Baba akageuza ngozi na kuanza upande wa pili. Gundi akanywa chai yote. Kijana wa mkokoteni akachungulia, akauliza kama wataondoka leo.

"Anamaliza mshono," Gundi alimjibu.

Baba alikata uzi, akachukua kipande cha mguu wa kushoto, akakiweka chini ya sindano. Hakunyanyua macho. Gundi alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama skrini yenye karatasi iliyobandikwa. Akatoka nje, nikamsikia akimwambia yule kijana ageuze mkokoteni arudi zake. Aliporudi ndani alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Hicho cha kinyozi kiko wapi?" aliuliza. "Nipe nikifumue soli, nisikae kama mgeni."

Baba alimsogezea kwa mguu, mashine ikiendelea.